Kitanda cha Watu Watatu

Siku tatu kabla mwanawe hajarudi kutoka ng'ambo, Mama Mrefu alianza kuionea haya nyumba yake mwenyewe. Nyumba aliyozalia humo, aliyofiwa na mume humo, ghafla akaiona kama banda. Kigoda cha jikoni alikiona kibaya, akakificha uani nyuma ya pipa la maji. Mto wa sufi aliolalia mwanawe tangu utotoni, wenye kishimo cha kichwa katikati, akautupa kwenye kiota cha kuku anayetaga.

"Mama, mtu anarudi kwao au anafikia hotelini?" aliuliza Kitinda, binti yake wa mwisho.

"Wewe huyajui. Mtu akishazoea kulala pazuri, hata mbavu zinabadilika. Fagia huko."

Yote hayo yalitokana na picha. Mwaka wa kwanza wa kazi yake, Mrefu alituma picha akiwa amesimama kando ya kitanda kipana, watu wanne wangelala bila kugusana. Shuka nyeupe pe, mito minne, pazia zito mpaka chini. Akaandika, "Nipo salama, mama, usiwe na wasiwasi." Hakuandika kwamba analala hapo. Wala hakuandika kwamba halali hapo. Mama Mrefu alijazia mwenyewe. Akaisafisha picha ile, kubwa akaitundika sebuleni, ndogo akaiweka kwenye mkoba. Aliionyesha katika hospitali anakofagia, dukani, msibani, kwenye foleni ya maji. "Mwanangu analala hapo," anasema, kisha ananyamaza ili watu wapate nafasi ya kushangaa.

Jirani yake, fundi cherehani, aliitazama kuliko wote. Fundi alikuwa na kijana wake mmoja tu, mnene, mchangamfu, watu wakimwita Bonge. Bonge alikuwa akimsaidia mama yake kukata vitambaa na kutia vifungo, na hakuwa na shida yoyote, ila maneno ya watu kwamba mwenzake Mrefu amepata, yeye bado anatia vifungo. Mama Mrefu ndiye aliyempeleka kwa Wakala, yule mtu anayesafirisha vijana, kwa mkono wake. Sasa ni mwezi wa tano Bonge yuko kule kule aliko Mrefu, kazi ile ile, kampuni ile ile ya kufua shuka za hoteli.

Basi alipotaka godoro zuri la kumlaza mwanawe, Mama Mrefu alikwenda kwa Fundi.

"Chukua la Bonge," alisema Fundi. "Limekaa tu, mwenyewe yuko kwenye raha zake. Na shuka nitakushonea mpya, nyeupe. Asije akasema kwetu hatujui mambo."

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Mrefu hakuambiwa. Kitinda naye alikuwa amepata nafasi. Tiketi imeshakatwa, safari Jumamosi. Kila Mrefu alipopiga simu, mama na binti walikonyezana wakanyamaza. Walitaka iwe zawadi. Afike, akae, apumzike, kisha aambiwe kwamba dada yake anakwenda kuchukua nafasi yake, nyumba isikose mtu ng'ambo.

*

Mrefu alifika Jumanne, jua ndiyo kwanza linachomoza. Mama yake alimkumbatia, akahisi mifupa. Akajiambia ni uchovu wa safari.

Kijana aliingia, akavua viatu, akasimama navyo mkononi katikati ya sebule.

"Niweke wapi?"

"Popote, baba. Kwenu hapa."

"Popote wapi?"

Mama akacheka, akidhani ni utani. Mrefu hakucheka. Alibaki na viatu vyake mkononi mpaka Kitinda alipomnyang'anya akaviweka mlangoni, na hata hapo alivigeukia mara mbili, kama mtu aliyeacha mtoto barabarani.

Wakampelekea maji ya moto bafuni, ndoo nzima. Mama hajamaliza kumimina chai, mtu ametoka, kichwa kina povu.

"Mbona mapema hivyo? Maji yamekuwa ya moto sana?"

"Nimemaliza. Nani anafuata?"

"Hakuna anayefuata. Rudi ukaoge, una sabuni masikioni."

Alirudi. Safari hii alikaa sana. Mama alisikia maji yakimwagika kidogo kidogo, kata moja baada ya nyingine, kimya kirefu katikati. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu, naye akasema ni sabuni.

Chai alikunywa amesimama. Alipoambiwa akae kwenye kochi, alikaa ukingoni. Kisha akauliza, "Kigoda changu kiko wapi? Kile cha jikoni."

"Kile kibovu? Nimekitoa."

"Mama, nimekiwaza kigoda kile miaka miwili. Mtu anakaa mpaka achoke mwenyewe, hakuna wa kumwambia inuka." Akatazama huku na huku. "Na mto wangu?"

Kitinda akamshika mkono, akampeleka uani kwenye kiota. Kuku alikuwa amejilaza juu ya mto ule, ametanua mbawa, jicho moja limefumba. Mrefu alimtazama muda mrefu.

"Huyu," alisema, "huyu ana maisha."

Kitinda alicheka mpaka akashika mbavu. Mama hakucheka. Kitu kilimchoma rohoni, hakujua ni nini, akakisukuma pembeni kama tunavyosukuma mambo tusiyotaka kuyaona.

Saa mbili asubuhi Mrefu aliingia kulala katika kile chumba kilichopambwa. Mama akawafukuza watoto wa jirani dirishani, akafunga redio, akapika akitembea kwa vidole. Mchana ukapita, mtu hajaamka. Akasema mwache, mwanangu amechoka.

Saa kumi alasiri alisikia kishindo kidogo chumbani. Akabisha, akafungua mlango.

Mrefu alikuwa amesimama wima, mgongo ukutani, kando ya kitanda. Kitanda kimebaki godoro tupu. Shuka zile mpya zimekunjwa, pindo juu ya pindo, zimekuwa kifurushi kidogo kama kitabu, naye amekibana kwapani pamoja na nguo zake. Macho yamefunguka nusu. Hakuwa macho, hakuwa usingizini.

"Nimemaliza," alisema. "Mwambie aingie."

Mama Mrefu aliganda pale mlangoni. Miaka kumi na moja amefagia wodi, ameona watu wakizinduka wakisema ya ajabu, lakini huyu hakuwa mgonjwa. Huyu alikuwa mwanawe, katika chumba chake, amesimama kama mtu anayemwachia kiti mwenye tiketi.

"Nani aingie, baba?"

Kijana akapepesa macho. Akatazama dirisha, akatazama kifurushi kwapani, akamtazama mama yake. Uso ukambadilika, akaanza kuzitandaza zile shuka haraka haraka, kama mwizi aliyekutwa anarudisha kitu.

"Mazoea tu, mama."

"Mazoea ya nini?"

"Ya kazini."

"Kazini mnalala mkiwa mmesimama? Kaa chini. Kaa, nasema."

Mrefu akakaa. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa uongo, ila wa kunyamaza, alipoulizwa uso kwa uso alisema.

Kiwanda cha kufulia hakizimwi. Mashine zinanguruma mchana na usiku, shuka za hoteli zinaingia chafu kwa mlango huu, zinatoka zimenyooshwa kwa mlango ule. Wafanyakazi wanalala ghorofa ya juu ya mashine. Chumba kina vitanda sita na watu kumi na wanane. Kila kitanda kina watu watatu, saa nane kwa kila mtu. Saa zako zikiisha unatoka, aliyetoka kazini anaingia, godoro likiwa bado na joto lako. Huna pa kuweka kitu, kwa hiyo kila ulichonacho unatembea nacho kwapani. Kuoga ni kwa dakika, wa nyuma anahesabu kwa sauti. Dirisha limegongewa mbao.

"Shuka je?" aliuliza mama, na hata yeye alishangaa kwamba swali lililomtoka ni hilo.

"Hatukuwa na shuka."

"Mnafua shuka."

"Tunafua za watu. Elfu kwa siku. Ukikutwa umelalia moja, unafukuzwa."

"Na ile picha?"

Mrefu akainamisha kichwa. Alisema siku ile walimtuma kupeleka mzigo hotelini, vyumbani. Mhudumu wa chumba alimpiga picha haraka, wakatoka. Hakukigusa kitanda chenyewe. "Uliniandikia kwamba hulali kwa kuniwaza. Nikasema nikutumie kitu upate usingizi."

Mama Mrefu alipata usingizi kweli. Mwaka mzima na zaidi amelala fofofo, mwanawe akipokezana godoro kama mwiko. Hata wodini, aliwaza, hata katika wodi mbovu kuliko zote alizowahi kufagia, mgonjwa anapewa kitanda chake.

"Godoro hili umenunua?" Mrefu aliuliza ili kubadili mazungumzo, akilibonyeza kwa kiganja. "Zuri."

"Nimeazima kwa Fundi. La Bonge."

Mkono wa Mrefu ukasimama pale pale. Akauondoa taratibu kwenye godoro, akausugua kwenye goti.

"Mama," alisema, "mtu aliyekuwa akilala baada yangu ni Bonge."

Mama akalitazama godoro.

"Mgeni anapewa zamu ya mwisho, godoro limeshalowa jasho la wawili. Bonge alianzia hapo. Usiku wa kwanza alidhani wamemkosea chumba, akawaonyesha picha kwenye simu. Picha ile yangu. Watu walicheka mpaka msimamizi akapanda juu. Mimi nilipoondoka nimemwachia zamu yangu, ya saa mbili mpaka saa kumi."

Mama Mrefu akakaa ukingoni mwa kitanda. Picha ile aliipeleka yeye. Aliitoa mkobani mwenyewe, akaiweka juu ya meza ya cherehani, juu ya nguo ya watu, akamwambia Fundi, unamzuia mtoto na riziki yake. Ndipo akakumbuka la pili, na hilo likamfanya asimame.

"Kitinda anaondoka Jumamosi."

"Anakwenda wapi?"

"Huko ulikotoka. Tulitaka iwe zawadi."

Mrefu alimtazama mama yake kama anayetazama mtu anayeongea lugha nyingine. "Upande wa wanawake," alisema, "ni watu wanne kwa kitanda."

*

Jioni ile walimweleza Kitinda, na Kitinda hakuamini hata neno.

"Kaka, ungesema umechoka tu ningekuelewa. Umekwenda, umerudi na simu nzuri, umeezeka nyumba bati. Sasa mimi nibaki nikauze vocha?"

"Bati hilo nimelilipia kwa mgongo."

"Na mimi nina mgongo."

"Huelewi."

"Naelewa sana. Wa kwanza akipanda juu anavuta ngazi." Akamgeukia mama. "Na wewe si ulisema pale pazuri? Ulimwambia kila mtu. Ulimwambia mpaka mchimba kaburi. Leo pamekuwa pabaya kwa sababu ni zamu yangu? Halafu Bonge nimeongea naye juzi juzi tu, nikamwapisha asimwambie kaka. Ameniambia ana chumba chake na kitanda chake, nikifika atanitembeza."

Maneno yote aliyokuwa nayo Mama Mrefu alishayatumia kusifu. Ukishawaambia watu miaka miwili kwamba maji ni matamu, utawaambiaje leo ni ya chumvi?

Ndipo Mrefu akasema, kwa sauti ya chini, "Kesho twende kwa Fundi. Sote. Tufike saa kumi kasoro dakika chache. Mtamwona mwenyewe."

"Kwa nini saa kumi?"

"Saa za kule ni sawa na za hapa. Wewe twende tu."

*

Fundi alikuwa akishona gauni la safari la Kitinda walipoingia. Alifurahi, akapangusa viti, akamwambia Mrefu amekonda kidogo lakini ndiyo mtindo wa watu wa nje. Mama Mrefu hakukaa.

"Fundi, nimekuja na jambo baya na ni langu mimi. Usimkasirikie kijana wangu. Ile picha haikuwa chumba chake."

Akaeleza yote, amesimama, mkoba umebanwa kifuani. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Fundi alimsikiliza huku kidole kikipita juu ya mshono, mbele na nyuma.

"Umejua lini?"

"Jana."

"Na wewe?" Alimgeukia Mrefu. "Miezi mitano ulikuwa naye. Simu unayo."

"Aliniapisha, mama. Alisema ukijua utakufa."

"Mimi sifi kwa kuambiwa," alisema Fundi. "Nakufa kwa kutoambiwa."

Akachukua simu yake, akapiga ya kuonana uso, akaiegemeza kwenye boksi la nyuzi. Ikaita sana. Ikapokelewa, lakini giza.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mbona sikuoni?"

"Mtandao. Uko wapi, dukani?"

"Nipo. Na wewe uko wapi?"

"Chumbani kwangu, napumzika. Leo wametupa nafasi, unajua huku mtu ana starehe zake."

Kitinda alimtazama kaka yake, nyusi juu, kama kusema umesikia? Mrefu alitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika mbili.

"Washa kamera nikuone," alisema Fundi.

"Inasumbua, mama."

"Bonge. Washa."

Taa ya simu ikapepesa, uso ukatokea. Fundi aliusogelea. Kitinda akausogelea. Kila mmoja alingoja Bonge atokee, kisha akaelewa kwamba huyu ndiye. Mashavu yameingia ndani, shingo imekuwa ndefu kama ya mtu mwingine. Kimebaki kicheko tu, kikubwa kuliko uso. Nyuma yake mbao za dirisha, na chini mngurumo wa mashine usiokatika.

"Umekonda," alisema Fundi.

"Mazoezi, mama. Huku kuna vyombo vya mazoezi."

Hapo mkono ukatokea pembeni ya picha, mkono wa mtu mzima, umejaa makovu ya pasi. Ukamgusa Bonge begani mara mbili, si kwa ukali, kama konda anayeamsha abiria. Sauti ikasema, "Saa."

Bonge akainuka kabla hajajua kwamba anainuka. Simu ikayumba, wakaona godoro tupu lenye doa refu la umbo la mtu, wakaona kitanda juu yake na kitanda pembeni, na miguu ya watu wasiowajua. Bonge alikuwa akikusanya kifurushi, anakitia kwapani. "Mama, nitakupigia baadaye, kuna mtu..."

"Usikate. Huyo nani?"

"Rafiki."

"Anataka nini?"

Mwenye mkono ule alikuwa ameshakaa, anavua viatu.

Mrefu akainama mbele ya simu. "Bonge, mwambie. Nimeshasema."

Bonge alipomwona Mrefu ndani ya duka la mama yake, amesimama karibu na kabati la vitambaa alilolipanga yeye mwenyewe, kicheko kilimtoka usoni kikaanguka.

"Anataka kitanda, mama," alisema. "Kwangu mimi mpaka kesho saa mbili."

"Na mpaka hapo utakaa wapi?"

"Ngazini. Kisha kazini. Mama, nyuma yenu pale, kile kiti changu cha vifungo bado kipo?"

Mrefu akakivuta kile kiti, akakiweka mbele ya kamera Bonge akione. Bonge alikitazama kama watu wanavyotazama chakula.

Simu ilipokatika, Fundi alichukua mkasi, akaanza kufumua gauni la Kitinda, mshono baada ya mshono, bila kumuuliza mwenyewe. Kitinda alimwacha. Baadaye akasema, "Siendi," akasema tena kwa sauti ndogo zaidi, "siendi, Fundi," na akatoka nje akakaa barazani amejifunika uso.

Mama Mrefu akapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa. "Nisamehe."

"Leo siwezi," alisema Fundi. "Usinilazimishe. Mkataba wake umebaki miezi kumi na tisa na pasipoti anayo msimamizi. Wewe wako yuko hapa." Akafumua mshono mwingine. "Godoro la mwanangu mwache kijana wako alilalie, sijakunyang'anya. Lakini wewe inuka. Kuna nyumba nyingine ulizopitia na picha ile. Mimi nimejua nikiwa nimechelewa. Nenda kwa ambao hawajachelewa."

Mama Mrefu akainuka. Njiani alijaribu kukumbuka ni milango mingapi aliyobisha, akashindwa. Nyumba njema si mlango, watu husema, na yeye mwenyewe amelisema mara nyingi juu ya nyumba za wengine. Ila hakuwahi kumuuliza mwanawe swali moja jepesi kabisa: usiku, mwanangu, unalala wapi, na nani mwingine analala hapo? Aliuliza amekula, aliuliza anasali, aliuliza baridi ikoje. Kitanda alikiona kwenye picha, akaridhika.

Alianza na nyumba ya kona, ya mwuza mkaa. Mlango ulikuwa wazi, ndani watu wamejaa, kuna vicheko, na begi jipya limesimama katikati ya sebule likiwa na karatasi zake za dukani.

"Karibu, Mama Mrefu, umetuwahi," alisema mke wa mwuza mkaa, akimvuta mkono. "Wakala ametukubalia. Binti anaondoka Jumamosi, na safari hii atakuwa na Kitinda wako njia moja. Njoo umwambie kulivyo."

Mama Mrefu akavua viatu, akakaa chini, akaomba binti aitwe.